Kidude cha Kufukuza Panya

Ukimwona panya wa maabara ana wekundu puani na pembeni mwa macho, usikimbilie ofisini kusema anatokwa damu. Mimi nilikimbia. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kazini Tororo, Uganda. Nikiwa nimevaa koti jeupe lililonifika karibu na vifundo vya miguu, nikaingia chumba cha mikutano ambamo watu wenye digrii walikuwa wanakunywa chai, nikatangaza kwamba panya wote wa rafu ya tatu wanakufa. Wakanifuata na vikombe vyao mkononi. Mzee Owor, mkuu wa nyumba ya wanyama, alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. Akawapisha wakubwa. Akangoja watazame, wakune videvu, mmoja atumwe kuleta vifaa vya kupimia damu. Kisha akachovya pamba kwenye maji, akampangusa panya mmoja puani, mara moja tu, pua ikawa safi.

"Hii si damu," akasema. "Hii machozi. Mnyama nalia namna hii kama roho yake iko mbaya. Jana mafundi napiga nyundo hapa siku mzima. Hata wewe ungelia."

Wenye digrii wakarudi kwenye chai yao. Mimi nikabaki na pamba.

Naanza na aibu hiyo ili nyinyi vijana mnaoingia sasa kwenye kazi hii, na simu zenu zenye kamera tatu, mjue kwamba anayewaandikia hakuzaliwa akijua. Naitwa Nabwire. Kwetu ni Busia, upande wa Kenya. Kabla ya Tororo nilikuwa msaidizi wa maabara katika shule ya sekondari, kazi ya kuosha chupa na kuwazuia watoto wa watu wasijichome na asidi. Siku za kazi nilipanga chumba Tororo, Ijumaa jioni nikavuka mpaka kurudi kwangu. Jina la maabara silitaji. Wakubwa wake bado wazima na wana mawakili.

Kazi yenyewe nitaieleza, maana jirani yangu mmoja aliamini hadi nilipostaafu kwamba nilikuwa nauza sumu ya panya. Maabara hujaribu dawa kwa panya kabla ya kuzijaribu kwa watu. Lakini panya aliyetoka safarini, au aliyehamishiwa kizimba kipya, au aliyebadilishiwa mtu wa kumlisha, ana hofu mwilini. Hali chakula vizuri, halali vizuri, anapigana na wenzake, anakonda. Ukimpa dawa wakati huo hutajua kilichomdhuru ni dawa au ni hofu. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kumtazama kila siku. Ampime uzito, aangalie manyoya, kiota na mavi, aandike, mpaka siku atakapoweza kusema: huyu sasa amezoea. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Mzee Owor peke yake. Halafu akawa Mzee Owor na mimi.

Alitoka Merikit, kijijini nje ya Tororo. Alikuwa mrefu, mkimya, mzee wa kanisa, mfugaji wa nguruwe. Siku yangu ya pili alinikuta nimemning'iniza panya kwa mkia kama soksi ya kuanikwa.

"Nabwire," akaniambia, "kama mimi nashika wewe nywele, nabeba wewe namna hiyo mpaka soko, utanipenda?"

Akanionyesha kipande cha paipu ya plastiki, ile ya mafundi wa maji. Unakilaza kizimbani, panya anaingia mwenyewe, unainua paipu pamoja na abiria wake. Hakuna vita. Miaka kadhaa baadaye walikuja wageni wakatuendeshea semina ya siku tatu kuhusu jambo hilohilo, na mwishoni Mzee Owor akapewa cheti cha kuhudhuria. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kesho yake akakitumia kuzibia dirisha lililokuwa linapitisha mwanga.

Alinifundisha pia kwamba ukibadilisha maranda ya kizimba, usitupe yote kama mama mkwe anayefanya usafi. Bakiza konzi moja ya kiota cha zamani, uiweke kwenye kizimba kipya. Ile harufu ndiyo anwani ya panya. Ukimwondolea, umemtupa mtaani. Na nyinyi mnaojipulizia marashi hadi mtu anawasikia mkiwa bado kwenye geti, nawaomba mjue kwamba panya hakuvutiwa. Anafikiri kuna moto.

Daktari mkuu wa mradi tulimwita Slaidi, yeye akiwa hayupo. Alikuwa msomi kweli, sitamnyima hilo, lakini hakuna jambo aliloliamini mpaka liwe ukutani lina mistari ya rangi. Mvua ikinyesha Tororo alitaka kwanza kuona grafu. Aliwahi kutuletea fomu yenye picha za nyuso za panya, upate kupima maumivu na hofu kwa kutazama macho yamefumba kiasi gani na masikio yamelala vipi. Fomu nzuri, na nimeitumia mpaka siku ya mwisho kazini. Kosa la Slaidi lilikuwa kudhani kwamba ameleta fomu na macho pamoja. Mzee Owor alikuwa akipita mbele ya vizimba asubuhi na kusema, "Huyu wa kona leo hana raha," na mimi nikijaza fomu robo saa nzima inanipa jibu lilelile.

Sasa niwaambie habari ya jengo jipya.

Lilijengwa nyuma ya lile la zamani, vigae vitupu, milango ya chuma, feni za kutoa hewa. Slaidi alijisifu mbele ya kila mgeni kwamba hakuna panya wa nje atakayeingia humo hata akiwa na pasipoti. Ikapangwa sherehe. Mzee Owor akaomba wanyama wahamishwe wiki moja baada ya sherehe, kelele zikishapita. Slaidi akakataa. Mgeni rasmi alitaka kuona panya, siyo vizimba vitupu. Basi tukawahamisha siku mbili kabla, kwaya ikaimba, spika zikawekwa zimeegemea ukuta wa chumba chao. Mgeni rasmi alikaa mle dakika mbili, leso puani, akasema maendeleo ni jambo zuri.

Stoo ya chakula ilikuwa haijamalizika, hivyo magunia tukayapanga kwenye kona ya chumba chenyewe cha wanyama. Haikupita wiki, nikaona gunia moja lina tundu na mavi sakafuni. Panya wa nje walikuwa wameingia, bila pasipoti, chini ya ule mlango wa chuma uliokatwa ukabakiza nafasi ya vidole viwili.

Hapa inabidi mjue lugha ya nyumba yetu. Nimewaandikia "panya" ili mnielewe, lakini wale waliomo vizimbani sisi tuliwaita "wanyama". Neno "panya" tulilitumia kwa wale wezi wa nje tu. Ni wanyama tuliowalisha na panya tuliowafukuza, na kichwani mwangu hawa hawakuwa na undugu hata kidogo. Hicho ndicho kisa chote.

Jumamosi hiyo nikiwa Busia nilipita kwa mchuuzi mmoja mwenye kitambi, aliyepanga vidude vya umeme mezani karibu na foleni ya malori. Akaniona nasoma boksi moja.

"Mathe, chukua hiyo," akasema. "Unachomeka tu kwa soketi. Inatoa makelele yenye wewe huwezi skia, lakini panya inaskia hadi inachizi. Zote zinahepa."

"Na wakizoea?"

"Hawawezi zoea. Hiyo ni teknolojia."

Nikanunua. Mpakani afisa alikigeuzageuza akaniuliza ni redio ya aina gani. Jumatatu nikakichomeka kwenye soketi nyuma ya magunia, taa yake ndogo ya kijani ikawaka, nikajipongeza. Sikumwambia mtu. Kuomba hata balbu pale kulitaka sahihi tatu, na mimi nilikuwa nimetatua tatizo bila sahihi hata moja.

Mnacheka. Nyinyi mmeshaona mbele. Mimi sikuona, na nilikuwa nalipwa kwa ajili ya kuona.

Siku ya tatu pua zikaanza kuwa na wekundu. Kufikia mwisho wa wiki wanyama wote walikuwa wamehamisha viota kutoka upande wa magunia na kujibana upande wa mlango, wamelaliana kama abiria wasio na nauli. Uzito ukashuka. Majike wawili wakala watoto wao. Slaidi alisema ni mshtuko wa kuhama, watazoea, akachora mstari ulioonyesha siku watakayozoea. Siku hiyo ikafika, ikapita.

Mzee Owor hakuchora kitu. Aliketi kwenye kiti katikati ya chumba saa nzima, mikono magotini. Akapunguza taa. Akabadilisha sabuni ya sakafu. Akaziba nyufa za dirisha. Siku moja akanigeukia.

"Kitu iko hapa," akasema. "Mimi naona wanyama nakimbia, lakini sioni nakimbia nini. Nabwire, wewe umeleta kitu mpya hapa ndani? Sabuni, mafuta, kitu yoyote?"

"Hapana, Mzee," nikamjibu.

Na Mungu ni shahidi, sikuwa nadanganya. Kile kilikuwa cha panya. Yeye alikuwa ananiuliza habari za wanyama. Akaniamini, akarudi kwenye kiti chake.

Wakati huohuo chakula kilikuwa kinapungua kuliko kawaida. Meneja wa utawala, mtu ambaye hakuwahi kuingia chumba cha wanyama kwa sababu ya mafua yake, akajumlisha mambo matatu: chakula kinaisha haraka, wanyama wanakonda, na Owor ana nguruwe wanono Merikit. Unono wa nguruwe hao aliujua vizuri, maana kila Krismasi Mzee alituletea nyama, na hakuna aliyejaza sahani kuliko Meneja.

Tukaitwa mkutanoni. Meneja akasema maneno yake. Mzee Owor akasimama, kofia mkononi.

"Nguruwe yangu nakula machicha ya pombe na majani ya viazi," akasema. "Kuja Merikit muangalie. Mimi sijabeba hata punje."

Slaidi akanigeukia. "Nabwire, wewe uko naye kutwa. Umewahi kumwona akibeba chakula?"

"Sijamwona," nikasema.

"Hajamwona," Meneja akadakia. "Sikiliza vizuri, Daktari. Hakusema hakubeba."

Ningeweza kusema kuna panya wa nje, na magunia yana matundu. Sikusema. Niliamini kidude changu kilikwisha kuwafukuza, na kwa hiyo, nawaambieni ukweli wote, nilikaa pale nikajiuliza: ikiwa panya hawapo, ni nani anayekula? Nikamtazama yule mzee aliyenifundisha kila kitu, nikawazia nguruwe wake. Alinitazama pia. Nafikiri alisoma usoni mwangu bila fomu.

Akaandikiwa barua ya kusimamishwa kazi. Nikakabidhiwa funguo zake.

Wiki chache baadaye transfoma ya upande wetu ikaungua. Jenereta lililisha friji za dawa na birika la Slaidi tu, na chumba cha wanyama kikakaa bila umeme siku tatu. Nikatarajia mabaya. Siku ya pili nikakuta wameanza kujenga viota vizuri, vya duara, vyenye kuta. Siku ya tatu pua safi. Jike mmoja alikuwa ananyonyesha amejilaza ubavu, macho nusu yamefumba, kama mama aliyemaliza kazi za nyumbani.

Nikashukuru giza, nikadhani taa zilikuwa kali. Siku ya nne asubuhi nilikuwa na mnyama kwenye mizani umeme uliporudi. Feni zikavuma, taa zikawaka, na katika chumba chote, vizimba vyote, wakainuka pamoja. Masikio yakalala nyuma. Wakakimbilia upande wa mlango, wakajibana. Yule wa kwenye mizani akaruka akaingia ndani ya mkono wa koti langu mpaka kwenye kiwiko.

Mzee Owor aliwahi kuniambia kwamba mnyama akihama, usitazame anakokwenda, tazama anakotoka. Nikatazama anakotoka. Nikaona magunia.

Nikayavuta moja baada ya jingine. Ile taa ya kijani ilikuwa inawaka vilevile, kwa utulivu. Na juu ya kidude chenyewe, amekalia joto lake, alikuwepo panya wa nje, mkubwa, mwenye kovu sikioni. Alinitazama bila haraka. Nyuma yake gunia lilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Akashuka polepole, akapita karibu na kiatu changu, akatoka chini ya mlango.

Yeye alikuwa amezoea, maana kelele ikimchosha aliweza kutoka, akapunga hewa, akarudi kula. Wale wa vizimbani hawakuwa na pa kutokea. Nimesikia wataalamu wakieleza suala la kuzoea kwa saa mbili na nusu, na sijasikia aliyenieleza zaidi ya yule mwizi.

Nikachomoa kidude, nikakitia mkobani. Nikahamishia chakula chote kwenye pipa la chuma lenye kifuniko. Baada ya hapo wanyama walinenepa mbele ya macho yangu, na chakula kikaacha kupungua.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Slaidi akaitisha mkutano wa wafanyakazi wote. Ukutani kukawa na mistari miwili, mwekundu wa wakati wa Owor na wa kijani wa wakati wa Nabwire. "Takwimu hazina chuki na mtu," akasema. "Mwizi ameondoka, wanyama wamepona." Wakapiga makofi. Picha yangu ikatundikwa karibu na mlango wa ofisi, nimetabasamu, chini yake imeandikwa mfanyakazi bora. Nilisema asante. Nilisema asante mara mbili, kwa sababu ya kwanza haikusikika vizuri.

Nilikaa kimya karibu mwezi mzima. Nilikuwa na sababu nzuri nzuri. Nikisema nitafukuzwa. Nina watoto wanaosoma. Mzee ana shamba, hatakufa njaa. Nitasema baada ya ripoti. Nitasema baada ya Pasaka. Vijana, kila mtu ana akili ya kutosha kutengeneza sababu. Hata Meneja.

Siku moja ya soko nilikwenda Nagongera kununua karanga. Nilikuwa nimeshainama kwenye turubai la mwanamke mmoja ndipo nikamtambua. Alikuwa mke wa Mzee Owor, Mama Othieno.

"Karibu, madam," akasema. "Umepotea sana."

"Nipo, mama. Mzee anaendeleaje?"

"Yuko." Akachota karanga kwenye kopo. "Nguruwe aliuza yote. Kila mtu napita njia nasimama nauliza, leo nguruwe nakula nini. Akachoka. Na kanisa walisema apumzike kidogo, wakachukua funguo. Sasa Jumapili nakaa nyuma, karibu na mlango, kama mgeni."

"Amekonda?"

"Mwanaume nasema hajakonda. Mimi napunguza suruali yake mara mbili."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anasimulia tu, kama mtu anavyosimulia mvua iliyoharibu mtama. Alipomaliza kufunga karanga zangu, akachota konzi kubwa ya nyongeza, akaimimina juu.

"Hii ya watoto," akasema. "Mzee anasema wewe ulifanya kazi na yeye vizuri."

Niliibeba ile nyongeza mpaka Tororo kama mtu aliyebeba makaa.

Jumatatu asubuhi nikaingia kwa Slaidi, nikakiweka kidude mezani kwake, nikamwambia yote. Alinisikiliza. Alipozungumza aliuliza, "Nani mwingine anajua?"

"Wewe, mimi, na mchuuzi wa Busia."

"Ripoti imeshatumwa, Nabwire. Huenda ni sadfa tu. Mambo ya umeme, hali ya hewa. Huna ushahidi."

"Ushahidi uko chumba cha pili, Daktari. Twende."

Akaja, nafikiri kwa sababu hakujua namna ya kukataa. Nikachomeka kidude mahali pake. Kwa muda hakikutokea kitu, na nikaona ameanza kupata nguvu. Kisha wakainuka. Yule jike mnyonyeshaji akamshika mtoto mmoja kwa meno, akamkimbiza upande wa mlango, akamwacha, akarudi kuchukua wa pili. Akarudi. Wa tatu. Alipomleta wa nne, wa kwanza alikuwa amebiringika kurudi kati, naye akasimama na mtoto mdomoni, hajui aende wapi. Mwili wote ulikuwa unatetemeka.

Nitampa Slaidi sifa moja, na nawaomba mniandikie kwamba nilimpa. Hakuningoja mimi. Alipiga magoti mwenyewe, suruali yake safi kwenye maranda, akachomoa plagi kwa mkono wake.

"Watoto wangapi walikufa?" akaniuliza. Nikafungua daftari kuhesabu.

Sifa hiyo isiwadanganye. Baada ya wiki mbili ukutani kukawa na mistari mipya, na habari ya "chanzo cha kelele kilichogunduliwa na timu". Mzee Owor akaandikiwa barua kwamba, kufuatia uchunguzi wa kitaalamu, anaweza kurejea kazini. Hakuna neno samahani. Mimi nikaandikiwa barua ya onyo, ambayo nilistahili, na picha yangu ikatolewa ukutani, ikabaki alama ya mraba yenye rangi safi. Meneja akasema yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na ule mkutano.

Nilitaka kuipeleka mwenyewe ile barua ya Mzee kule Merikit. Nilisema hivyo kwa sauti ofisini. Lakini dereva alikuwa anakwenda upande huo, nikamwachia dereva.

Mzee Owor alirudi Jumatatu. Akatusalimia wote, mmoja mmoja, habari za nyumbani, za watoto, za mashamba. Mkanda wake ulikuwa na tundu jipya, limetobolewa kwa msumari. Akavaa koti, akaingia chumbani, na wanyama wakamkimbia.

Usishangae. Alikuwa ananuka moshi wa kuni na shamba, na wengi walikuwa wamezaliwa akiwa hayupo. Kwao alikuwa mgeni mwenye mikono mikubwa. Hakulazimisha. Kila asubuhi alivuta kiti, akaingiza mkono kizimbani, kiganja juu, akautuliza pale kama kitu alichosahau. Siku ya kwanza hakuna aliyesogea. Siku ya pili mmoja alikuja akanusa kidole akakimbia. Alhamisi jike mmoja akapanda kiganjani, akajisafisha masharubu, akaketi. Mzee hakutabasamu, ila niliona pumzi yake imeshuka.

Ijumaa ikawa siku ya kupima. Yeye aliwaweka kwenye mizani na kusoma namba, mimi niliandika, kama zamani. Tulipofika rafu ya pili nikaona siwezi tena.

"Mzee," nikasema, "kile kidude nilikileta mimi."

"Najua."

"Nani alikuambia? Barua haikunitaja."

"Barua ya kunifukuza nataja jina yangu mara tano. Hii ya kunirudisha haina jina ya mtu hata moja. Nikaona huyu ni mtu nabaki kazini, na ndani hapa ni mimi na wewe tu naingia kila siku." Akaweka mnyama mwingine kwenye mizani. "Mimi nilikuuliza, Nabwire. Nilisema, umeleta kitu mpya?"

"Nilifikiri ni cha panya, Mzee. Sikufikiri..."

"Hiyo nasikia. Mtu anaweza kosea." Hakuwa amepandisha sauti. Macho yake yalikuwa kwenye mizani. "Lakini ulijua, halafu ukakaa. Hawa wanyama, mtu akihamisha hata sahani ya maji, nyinyi napima kila asubuhi. Nakonda kidogo tu, mnaandika. Mimi nakaa Merikit wiki kumi. Nani alikuja kunipima?"

Nilishika penseli.

Akangoja namba itulie. Akanisomea. Nikaandika. Akafungua kizimba kilichofuata.